Mwanamke Aliyemaliza Dawa Nyekundu

Nilimwonea wivu kwa miaka kumi na mitatu, na sitaki kuupunguza wivu huo sasa kwa kuwa hayupo. Watu wa Kitale walimwita Fundi, nami nilimwita hivyo hivyo. Jina lake la ubatizo ninalijua, nimelisoma kwenye kadi za hospitali zaidi ya mara moja, lakini sikuwahi kulitamka mbele yake, na nikilitamka leo litakuwa kama la mtu mwingine. Alikozaliwa na baba yake alikuwa nani, hayo wanayo wa kwao. Mimi nina yale niliyoyaona, na niliyaona mengi, kwa sababu mwenye wivu haondoi macho.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, kati ya duka la mbolea na mwanamke aliyeuza dagaa wa omena. Alishona sare za shule. Mtoto akiingia, Fundi hakuchukua tepu kwanza. Alimtazama kuanzia begani hadi magotini, akamwambia mzazi, "Huyu anarefuka. Tumuachie inchi tatu." Kisha ndipo alipopima, na vipimo vilikuwa vile vile alivyokwisha kuviona kwa macho. Alikuwa na usemi wake: "Nguo ya mtoto inashonewa mwaka ujao." Wazazi waliupenda usemi huo kama sala.

Mimi nilifundisha darasa la pili katika shule iliyo nje kidogo ya mji, na hata huko sikuweza kumkwepa. Kila mwanzo wa mwaka niliona sketi za kijani zilizoshushwa pindo, na mstari mweusi kidogo pale pindo la zamani lilipokuwa. Nilijua mkono uliozishona. Mama mmoja aliniambia, bila kujua anamwambia nani, "Yule mama alirudi kutoka kwa kaburi, mwalimu. Mkono wake uko na baraka." Nikajibu kwamba ndiyo, nimesikia.

Alikuwa mtu wa mambo mawili mawili. Siku ya Jumapili aliomba kwa muda mrefu akiwa amefumba macho, na Jumatatu akamwiga mhubiri mpaka wateja wakashika mbavu. Mzee akiingia kibandani alimpisha kiti, lakini mtu akimpa pole alikasirika. "Pole ya nini? Umeniona nimeanguka?" Kwenye matanga ya watu ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote, na wafiwa walimpenda kwa hilo. Ukimlalamikia uchovu alikuambia, "Usiulize mwili kama umechoka. Utakujibu." Alisimama mbele ya akina mama wa kanisa akawaonyesha jinsi ya kujipapasa matiti, pale pale, juu ya blauzi, bila haya. "Hiki kitu hakiumi kikianza," aliwaambia. "Ndio ujanja yake." Lakini kovu lake mwenyewe hakuna aliyeliona. Hata kwenye jua la Januari alivaa nguo iliyofungwa mpaka shingoni. Na alipozungumzia ugonjwa wake aliuzungumzia kama ugomvi na jirani aliyekwisha kuhama: "Ile ilikwisha huko Nairobi."

Huko Nairobi nilikuwapo.

Dada yangu mkubwa aliitwa Nekesa. Mwaka ule nilikuwa bado chuo cha ualimu, naye alilazwa katika hospitali moja ya Nairobi akiwa na uvimbe kwenye titi. Mimi ndiye niliyekaa naye. Kitanda kilichokuwa kando ya chake kilikuwa cha Fundi, ambaye alikuwa na ugonjwa ule ule, titi lile lile la kushoto, na karibu umri ule ule. Walipewa dawa ile ile. Ilikuwa nyekundu. Muuguzi aliisukuma polepole kwa sindano kubwa, na baadaye mkojo ulitoka mwekundu, na wagonjwa waliambiwa wasiogope. Nywele ziliwatoka wiki ile ile moja. Walichekana. Nekesa alimwambia Fundi kichwa chake kina umbo la viazi vya Mlima Elgon, na Fundi akamjibu kwamba afadhali kiazi kuliko yai.

Dawa hiyo ilikuwa ya awamu sita. Nekesa alipata tatu. Baada ya ile ya tatu damu yake ilishuka, akashikwa na homa ya mapafu, na siku ya tisa akafa, mchana, nikiwa nimeenda kumletea uji. Fundi alimaliza zote sita. Kisha akachomwa kwa miale kifuani, wiki tano.

Mama yetu alifika kutoka Bungoma siku mbili baada ya kifo. Mayi, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita mama, aliingia wodini akiwa na kikapu cha mayai ya kuchemsha ambayo hakuna aliyekuwapo kuyala. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda kitupu nikikunja khanga. Nilimngojea anishike. Fundi, mwenye kipara na miguu myembamba, alishuka kitandani akaketi karibu naye, na Mayi akaushika mkono wake.

"Wewe maliza yako," Mayi alimwambia. "Usiache."

"Nitamaliza, mama."

Hayo tu. Lakini tangu siku hiyo mama yangu alikuwa na mtu mwingine wa kumngojea.

Nyumbani kwetu ni Myanga. Kila mwezi, Jumamosi ya kwanza, Fundi alitoka Kitale akashuka Bungoma mjini, akachukua baiskeli ya bodaboda mpaka kwa Mayi. Alikuja na mkate, sukari na majani ya chai. Mimi nilikuja pia, nikitokea Kitale huko huko, lakini sikusafiri naye. Nilitafuta sababu ya kutangulia au kuchelewa. Nikitangulia, Mayi aliniuliza mlangoni, "Fundi anakuja?" Nikichelewa niliwakuta jikoni wawili, wamekaa magoti yakigusana, wanachambua mboga na kucheka kitu ambacho hakikurudiwa nilipoingia.

Siku hizo Mayi alichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Baba alipokufa Mayi aliichukua yeye, na hilo lilikuwa sawa. Kisha Jumamosi moja niliona kijiko kikiinuka na firigisi juu yake, kikavuka sahani yangu, kikaitua kwenye sahani ya Fundi. Nilikuwa mwanamke mzima, mwalimu wa serikali, mwenye watoto wawili. Sikuwa nimeionja firigisi ya nyumba ile maishani mwangu, na kusema kweli siipendi. Lakini niliihesabu. Mwaka mzima nilizihesabu.

Nilimnunulia Mayi sweta nzuri ya zambarau. Alisema imempendeza, akaiweka sandukuni. Kanisani alivaa gauni aliloshonewa na Fundi. Nilipomuuliza, alisema sweta ni ya baridi. Ilikuwa Julai.

Basi mjue nilikuwa nikimtazama kwa macho ya namna gani mambo yalipoanza kubadilika.

Kwanza alinunua mota. Ulikuwa ule mwaka serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi, na watoto walijaa madarasani mpaka wengine wakakaa kwenye madirisha. Mimi nilikuwa na zaidi ya watoto tisini. Kitale nzima ilitaka sare kwa wiki moja. Nilipita kibandani nikamkuta amefunga mota ya umeme kwenye cherehani yake ya miguu, miguu yenyewe ameinyoosha mbele kama bibi harusi.

"Siku hizi hata kukanyaga hatukanyagi," nilimwambia.

"Mwalimu, kazi ni nyingi," alijibu. "Mguu unachoka mbele ya mkono."

Nikasema moyoni, ameanza kuringa.

Kisha safari za Myanga. Pana mlima mdogo kabla ya boma letu, na desturi ni kwamba abiria wa bodaboda hushuka pale, mwenye baiskeli akasukuma. Fundi aliacha kushuka. Nilimwona siku moja kwa mbali, amekaa nyuma ya baiskeli na mfuko mapajani, mwendeshaji ameinama anasukuma huku jasho likimtoka. Watu waliokuwa wakilima walisimama kutazama. Niliona aibu kwa niaba ya Mayi.

Kisha viatu. Alianza kuvaa viatu vya mtumba vya kiume, vipana, ambavyo havikufungwa kamba. Yeye ambaye alimfukuza mteja kwa kuvaa soksi za rangi mbili.

Kisha mito. Mayi aliniambia, kwa fahari, kwamba Fundi akilala kwake anataka mito mitatu. "Nimemshonea ya tatu na pamba ya godoro," alisema. Mimi katika nyumba ile nililala na mto mmoja tangu utotoni, tena niligawana na Nekesa.

Na Chwele. Tulikwenda pamoja soko la Chwele kumtafutia Mayi mbuzi wa maziwa, kwa sababu Mayi aliamuru tuende pamoja. Zamani Fundi akiingia sokoni alikuwa mbele, mabega yakipasua watu. Siku hiyo, kabla hatujafika upande wa mifugo, alisimama kwa mwanamke wa vitunguu akaanza kujadiliana bei. Akakaa juu ya gunia. Akauliza habari za mashamba, za mvua, za watoto wa yule mwanamke. Hakununua hata kitunguu kimoja. Mimi nilisimama juani nikimngojea, na nikaona jinsi yule mwanamke asiyemjua anavyomcheka na kumsikiliza, nikafikiri: hata hapa lazima apendwe.

Sikuona kwamba alizungumza maneno matatu matatu, akavuta pumzi katikati. Niliona, lakini nilidhani ni madoido.

Mayi ndiye aliyeona. Yeye hakuwa na wivu wa kumzuia. Alinipigia kwa simu ya jirani, akanena moja kwa moja.

"Huyu mutu anapumua kama amekimbizwa na ng'ombe. Mpereke hospitali."

"Mayi, yeye ni mtu mzima."

"Nimesema mpereke."

Nilimpeleka kwenye kliniki moja ndogo mjini Kitale, Jumanne baada ya vipindi. Daktari alikuwa kijana mpole, amechoka, na foleni ilifika mpaka nje. Alimsikiliza kifua mgongoni. Akamuuliza kikohozi kilianza lini, kama nyumba ina vumbi. Fundi akasema kazi yake ni vitambaa, vumbi ndilo chakula chake.

"Kuna ugonjwa mwingine mkubwa umewahi kuugua?"

"Malaria tu," Fundi alisema. "Kama kila mtu."

Daktari akanigeukia. "Wewe ni ndugu yake? Kuna kitu unajua?"

Nataka nieleze vizuri kilichonipitia, kwa sababu nimekirudia mara nyingi. Sikuwa nimejua kwamba jambo la Nairobi lina uhusiano na pumzi yake. Hilo ni kweli, na si utetezi. Kwa maana nilijua pia kwamba nikiulizwa swali la namna ile jibu ni moja. Lakini niliona tayari yatakayofuata: daktari atainua macho, atasema "Kumbe wewe ulishinda saratani," ataita muuguzi aje amwone, na mimi nitakaa pale kwenye kiti cha ndugu nikisikiliza tena hadithi ya aliyerudi. Hakuna ambaye angeuliza juu ya kitanda kilichokuwa kando, cha Nekesa. Na nikafikiri: kama yeye ameamua kuisahau, basi itabaki yetu, mimi na Nekesa.

"Hapana," nikasema. "Hakuna."

Akaandika pumu. Alimpa dawa ya kuvuta na vidonge, akamwambia ajifunge kitambaa puani akikata nguo. Fundi aliitembeza ile dawa ya kuvuta Kitale nzima. Aliwaonyesha wateja jinsi inavyofanya kazi. Ilimsaidia kwa wiki moja, au alijiambia imemsaidia.

Miezi minane ilipita.

Siku ya mavuno ya kanisa Myanga watu walileta mahindi, ndizi, kuku, na Fundi alikuja na mapazia mapya ya madhabahu. Alisimama kuyatoa. Alipofika katikati ya njia aliketi kwenye benchi la watu asiowajua, akawakabidhi mapazia, akawaambia wayafikishe. Baada ya ibada tulimkuta nje ameegemea ukuta, midomo imegeuka rangi. Mayi alipiga magoti kwenye nyasi, akamvua kile kiatu kipana, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Akaondoa kidole. Shimo likabaki. Tulilitazama sote watatu, likikataa kujaa.

"Hii si pumu," Mayi alisema.

Tulimpeleka Eldoret siku iliyofuata, mimi na Mayi. Daktari wa moyo alikuwa mwanamke, mdogo kwangu, mwenye sauti ya chini. Alimlaza Fundi kwa upande, akampaka kifuani kitu baridi kama mlenda, akaanza kupitisha chombo chake huku akitazama picha kwenye mashine. Alipotaka kupandisha chombo juu zaidi alifungua kile kifungo cha shingoni, akaliona kovu. Mimi pia nililiona kwa mara ya kwanza. Lilikuwa refu, limetoka kwapani likavuka kifua, na ngozi kulizunguka ilikuwa nyeusi na ngumu kama ya mkono uliounguzwa na mvuke.

"Na hili kovu, mama?"

Fundi alitazama ukuta. "Operesheni ya zamani."

"Ya nini?"

Fundi akaendelea kutazama ukuta. Mayi hakuelewa Kiswahili cha haraka cha pale. Nikasikia sauti yangu.

"Alitibiwa saratani ya titi Nairobi, miaka kumi na moja iliyopita. Alipata dawa nyekundu, awamu sita. Tena akachomwa upande wa kushoto, wiki tano."

Mkono wa daktari ukasimama. "Una uhakika ni sita?"

"Nilikuwapo," nikasema. "Dada yangu alipata tatu."

Alituonyesha moyo kwenye picha. Sikujua moyo unatakiwa kwenda vipi, lakini hata mimi niliona ule hauendi hivyo. Ulikuwa mkubwa, umelegea, na ulijikunja kidogo tu, kama mtu anayejaribu kuinuka kitandani akaghairi. Daktari alituambia polepole. Ile dawa ilikuwa nzuri, ndiyo iliyomwokoa. Lakini kwa watu wengine huudhuru msuli wa moyo, na haionekani mara moja. Inaweza kukaa miaka kumi, mtu anafanya kazi, anacheka, halafu moyo unaanza kushindwa. Miale ya upande wa kushoto nayo huongeza.

"Kwa hivyo ni ile ile dawa," Fundi alisema.

"Ndiyo, mama."

Akafikiri. "Basi imevumilia."

Daktari aliandika vidonge, vya kutoa maji mwilini na vya kuusaidia moyo, na akakataza chumvi. Tulipofika mlangoni nilirudi kwa daktari peke yangu. Nilimuuliza kama ingesaidia kujua mapema.

"Mapema kiasi gani?"

"Miezi minane."

Alinitazama. Sidhani alikuwa mkali. "Ingesaidia," alisema. "Siwezi kukuambia kiasi gani."

Ningependa kusema kwamba wivu ulikufa siku hiyo. Haukufa. Ulihama tu. Nilikuwa nimeishi miaka yote na ile hesabu, tatu na sita, nikimwonea wivu kwa zile tatu za mwisho ambazo Nekesa hakuzipata. Sasa nilijua zile tatu za mwisho zilikuwa na nini ndani. Nilipaswa kuona huruma, na niliiona, lakini chini yake nilikuta kitu kingine kimekaa: hata ugonjwa huu niliuonea wivu. Ili kuupata, lazima mtu aishi miaka kumi. Dada yangu hakupata nafasi ya kuugua moyo.

Na nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi kwangu. Mayi aliacha chumvi. Hakumpikia Fundi sufuria yake; aliiondoa chumvi katika nyumba nzima, naye mwenyewe akala hivyo. Ugali wa wimbi na muhogo, kunde, kuku, vyote bila chumvi. Nilipolalamika alisema, "Ulimi utazoea." Niliingia Myanga na chumvi kwenye karatasi, ndani ya mkoba, kama mwizi.

Fundi aliendelea kufanya kazi. Aliacha kushona, akabaki kukata, ameketi kwenye kiti kirefu. Alijifunza kupanga siku yake kwa pumzi: asubuhi kukata, saa sita kupumzika, jioni kupima. Aliwaambia akina mama wa kanisa jambo jipya. Sasa aliwaambia kwamba mtu aliyewahi kupewa dawa ile aseme, kila hospitali anayoingia, hata akienda kung'olewa jino. "Mimi nilificha," aliwaambia. "Nilidhani nikiitaja itarudi." Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma siku hiyo. Hakunitaja. Nilitoka kabla ya chai.

Vidonge vilimpa karibu miaka miwili. Alikufa mvua za masika zilipoanza, kwake Kitale, ameketi. Lakini sitaki kumalizia hapo, kwa sababu sikuwapo. Nilikuwapo wiki tatu kabla.

Mayi alikuwa na mafua hivyo hakuweza kusafiri, akanituma nimpelekee mayai na maziwa lala. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilimkuta Fundi barazani kwake, mtaa wa Tuwani, kwenye kiti cha mbao kilichojazwa matambara, blanketi limeangukia miguuni. Alikuwa amekonda usoni na kuvimba chini. Alinionyesha kigoda, nikaketi. Kwa muda tulitazama watu wakipita kwenda sokoni.

Sikuwa nimepanga kusema. Ilitoka tu.

"Siku ile ya kliniki, yule daktari aliniuliza."

"Mm."

"Nilijua. Nikasema hapana."

"Nilikuwa hapo, Mwalimu," alisema. "Nilisikia."

"Si kwamba nilisahau."

"Najua haukusahau. Nilikuwa naangalia uso yako." Alivuta pumzi, akangoja, akaendelea. "Nilijiambia, akisema, nitakubali. Asiposema, ni Mungu amenificha. Ulivyosema hapana, nilifurahi. Ungejua vile nilifurahi."

"Mimi sikunyamaza kwa ajili yako."

"Hiyo pia najua."

Mwanamke wa jirani alipita akamsalimu, naye akamjibu kwa mzaha kidogo, akalipa mzaha huo kwa kuhema kwa dakika nzima. Nilingoja. Nikamwambia yaliyobaki: kwamba nimemwonea wivu tangu wodini, kwamba mama yangu alimshika mkono yeye. Nilimwambia hata habari ya firigisi, jambo la kipumbavu kulitaja mbele ya mgonjwa.

Alinisikiliza. Kisha akaniuliza, "Tukiwa wawili na Mama, unadhani ananiita nani?"

"Fundi. Au binti yangu."

"Nekesa."

Nikamgeukia.

"Tangu mwaka ya kwanza. Mkiwa hapo hasemi. Mkitoka tu, 'Nekesa, leta maji. Nekesa, umekula?' Nilimkataza mara moja, akalia. Sikumkataza tena." Alitazama mikono yake. "Ati unanionea wivu. Mimi nilikuwa naonea wewe."

"Mimi?"

"Ukiingia kwa mlango, anakugombeza. Umechelewa. Umekonda. Mbona watoto hujaleta. Mbona umefunga leso hivyo. Mimi miaka hii yote hajawahi kunigombeza hata siku moja. Nilivunja birika yake ile ya harusi, akaniambia haina neno. Nani anaambiwa haina neno kwa birika ya harusi? Mgeni." Alivuta pumzi. "Mtu ya kwenu anagombezwa."

Kuku wa jirani aliingia barazani, akachokora karibu na miguu yake, na hakuna kati yetu aliyemfukuza.

"Nigombeze basi," Fundi alisema.

"Nini?"

"Kidogo tu. Wewe uko na mdomo kama ya mama yako."

Nilidhani anatania, lakini alikuwa amefumba macho na kuegemeza kichwa, akingoja. Kwa hiyo nilianza. Nilimwambia ni mtu wa namna gani anayeacha blanketi liburutike chini kama kitambaa cha kufutia. Nilimwambia miguu yake ilitakiwa kuinuliwa, daktari alisema, na hapa ameining'iniza mchana kutwa kama mtu asiyesikia. Niliinua miguu ile, mizito na baridi, nikaiweka juu ya kigoda changu, nikabaki nimesimama. Nikamwambia alimdanganya daktari. Malaria tu, kama kila mtu. Ni nani aliyemfundisha uongo wa namna hiyo, mtu mzima, wa kanisa. Sauti yangu ilikuwa imepanda na watu wa njiani walikuwa wanageuka. Nikamwambia ametutia hofu sote, na Mayi halali, na mimi silali.

Nilinyamaza kupumua.

"Endelea," alisema, bila kufumbua macho.

Nikaendelea.